Usitiri wa Nyota na Wanafalaki wa Ridhaa

Makala haya yanashughulikia jambo ambalo wanafalaki wamelizoea kwa muda mrefu ilhali Kiswahili hakijalipa jina lililozoeleka. Gimba la angani, kama vile Mwezi au asteroidi, linapopita baina ya mtazamaji na nyota ya mbali, nyota hiyo hutoweka ghafla, kisha hurejea. Je, tuliite jambo hilo nini?

Wapo watakaokimbilia neno 'kupatwa'. Neno hilo linapotosha. Mwezi unapopatwa huwa umeingia katika kivuli cha dunia, na nuru yake hupungua machoni mwa kila anayeutazama. Nyota iliyofichwa na asteroidi haikupatwa na lolote. Aliye kilomita 300 kando huiona iking'aa kama kawaida. Kwa hivyo napendekeza 'kusitiri', na nomino yake 'usitiri'. Atakayedai kwamba nyota haina aibu ya kusitiriwa ana hoja, ila maana ya kuficha imo katika neno hilo tangu asili yake ya Kiarabu. Kuhusu watazamaji wasiolipwa, tayari tunazo ndondi za ridhaa; basi na tuwe na wanafalaki wa ridhaa. 'Mwanagenzi' halifai, kwani huyo ni anayeanza kujifunza, na baadhi ya watu hawa wameshika darubini kwa miongo kadhaa.

Tukirejelea jambo lenyewe, nyota iko mbali mno hivi kwamba kivuli cha asteroidi katika mwanga wake hukaribia kulingana kwa upana na asteroidi yenyewe. Tuchukulie kwamba kivuli kinapita juu ya ardhi kwa kasi ya kilomita 20 kwa sekunde, na mtazamaji akahesabu sekunde 10 za giza. Huyo amepima mkato wa kilomita 200. Lakini mtu mmoja hutoa mkato mmoja tu, na umbo halijulikani mpaka mikato iwe mingi. Hapa ndipo profesa mwenye darubini kubwa mlimani anapokwama: darubini yake haihamishiki, na kivuli hakipiti anapotaka yeye. Mtu wa ridhaa hupakia yake garini.

Mnamo tarehe 29 Mei 1983, asteroidi Pallas ilipoisitiri nyota 1 Vulpeculae, watazamaji zaidi ya 100, wengi wao wa ridhaa, walijipanga kusini mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko. Mikato yao ndiyo iliyotoa ukubwa na umbo la Pallas kwa usahihi ambao haukuwahi kupatikana.

Ikumbukwe kwamba kazi hii huisha thamani saa ikikosea. Kwa kasi tuliyoitaja, saa iliyochelewa nusu sekunde huusogeza mkato kwa kilomita 10. Ndiyo maana siku hizi muda huchukuliwa kutoka setilaiti za GPS. Vilevile, asiyeona nyota ikitoweka hakupoteza usiku wake: ushahidi wake unaonyesha gimba linakoishia. Sijui taaluma nyingi ambamo 'sikuona kitu' huandikwa kwa heshima kiasi hicho.

Mfano wa karibuni zaidi ni Quaoar, gimba lililoko ng'ambo ya Neptuni. Mwaka wa 2023 watafiti walitangaza kwamba lina pete, iliyotambuliwa kwa usitiri uliotazamwa kati ya 2018 na 2021. Data zilitoka kwa darubini za kitaalamu, mojawapo ikiwa Namibia, na kwa watu wa ridhaa nchini Australia. Pete hiyo iko takriban kilomita 4,100 kutoka kitovu cha Quaoar, mbali kupita mpaka ambao, kwa mujibu wa nadharia iliyokubalika, vipande vilivyo nje yake hujikusanya vikawa mwezi. Maelezo yaliyopendekezwa ni kwamba katika baridi kali ya huko vipande hivyo hugongana na kudunda badala ya kushikamana. Mjadala huo haujafungwa, na kila usitiri mpya wa Quaoar huongeza mikato.