Picha na Maneno Yake: Kulinda Urithi Wetu Tukiwa Mbali na Kijiji



Familia inapokimbia vita inabeba watoto, sufuria, na nguo chache. Ngoma, kinu na kiti cha mzee vinabaki nyuma. Je, picha zinaweza kuokoa urithi huo? Tunajibu: ndiyo, lakini picha peke yake haitoshi.

Tujifunze kwa Balega wa Mwenga na Shabunda, katika Kivu ya Kusini, na wa Pangi, katika Maniema. Chama chao cha Bwami kilifundisha maadili kwa ngazi, na ngazi ya juu inaitwa kindi. Sanamu ndogo za miti na za pembe za ndovu zilionyeshwa wakati wa mafundisho, pamoja na methali, nyimbo na michezo. Mwaka 1948 utawala wa Wabelgiji ulipiga Bwami marufuku. Sanamu nyingi ziko leo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Picha zake zinaonekana kwenye intaneti, lakini mara nyingi bila jina la mchongaji na bila methali. Mtoto wa Shabunda anaona sura, fundisho halisikii.

Kwa hiyo, urithi ni kitu pamoja na maneno yake. Sisi wenyewe tukipiga picha, tunaweza kuhifadhi vyote viwili.

Tangu 2002 kuna leseni huria za Creative Commons. Kwa leseni ya namna hiyo, mpiga picha anawaruhusu wengine kutumia picha yake bila kumwomba tena, mradi wataje jina lake. Hazina ya Wikimedia Commons, iliyoanza 2004, inapokea picha hizo bure. Faida yake ni kubwa: simu ikiibwa njiani, picha inabaki, na ndugu aliye Bujumbura au Kampala anaiona. Lakini ruhusa hiyo ikishatolewa hairudishwi, na leseni zinazokubaliwa katika hazina hiyo zinaruhusu hata biashara. Tuamue kabla, si baada.

Hatua nne za kufuata

1. Kikao. Wazee, akina mama na vijana waamue pamoja: nini kionyeshwe kwa wote, nini kibaki kwa familia, nini kisipigwe picha kamwe. Siri ya mafundisho iheshimiwe.

2. Ruhusa. Mpiga picha ana haki juu ya picha yake, lakini uso ni wa mwenyewe. Mtu akikataa, tusimlazimishe. Kwa mtoto, tuwaulize wazazi.

3. Usalama. Simu nyingi zinaandika ndani ya picha mahali ilipopigwa. Zima kazi hiyo kwanza. Usionyeshe uso wala makao ya mtu anayeweza kuwa anatafutwa. Mikono inayofuma kikapu inatosha.

4. Maneno. Andika jina la kitu kwa lugha ya kwenu na kwa Kiswahili, kinatengenezwaje, kinatumika lini. Mtaje aliyesimulia ikiwa amekubali.

Maneno ya chini ya picha yanaweza kujenga amani au kuibomoa. Ukiandika "kikapu hiki ni cha kabila letu tu," jirani anayefuma vilevile anajisikia amefukuzwa. Ukiandika "mama huyu alifundishwa na mama yake kufuma hivi," umesema kweli na hukumnyang'anya mtu. Sombe inapikwa katika nyumba za makabila mengi ya Kivu. Kila mama aeleze anavyoitwanga yeye, na picha zikae pamoja.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

– Ni vitu gani vya kwetu ambavyo wazee wachache tu wanajua bado maana yake?
– Nani katika jamii yetu ana haki ya kusema "hii isionyeshwe"?
– Ni kazi gani ya mikono tunayofanana na majirani zetu, na tunaweza kuipiga picha pamoja nao?

Viongozi, anzeni na swali la kwanza. Simu inaweza kungoja. Mzee anayejua methali huenda hatangoja.