Kisukari cha Mama Kisipodhibitiwa, Mtoto Tumboni Hupatwa na Nini?

Huku Giakanja, mtoto akizaliwa na kilo nne na nusu majirani husifu kwamba mama alikula vizuri. Lakini kwa mama mwenye kisukari, uzito huo unaweza kuwa ishara kuwa sukari yake ilikuwa juu kwa miezi mingi.

Sukari ya mama hupita kwenye kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Insulini ya mama haipiti. Basi kongosho la mtoto hulazimika kutengeneza insulini yake kwa wingi, nayo hugeuza sukari ile kuwa mafuta, hasa mabegani na tumboni. Daktari Jørgen Pedersen wa Denmark alieleza hivyo miaka ya 1950.

Siku ya kujifungua, kichwa hutoka, mabega yakakwama. Mtoto anaweza kuvunjika mtulinga, kuumia neva za mkono au kukosa hewa. Hata akizaliwa salama, kitovu kikikatwa sukari ya mama hukatika papo hapo, ilhali insulini ya mtoto bado iko juu. Sukari yake hushuka, na asiponyonyeshwa mapema na kupimwa anaweza kupata degedege. Wengine hupumua kwa shida kwa kuwa mapafu yalichelewa kukomaa. Wengine hufia tumboni wiki za mwisho, mama akiwa haumwi popote. Mtoto akipunguza kucheza, usingoje asubuhi. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Nyeri.

Kwa aliyekuwa na kisukari kabla ya mimba, hatari huanza mapema zaidi. Moyo na uti wa mgongo wa mtoto huundwa katika wiki 8 za kwanza, wengi wakiwa hawajajua wana mimba. Anayepanga kuzaa amwone daktari kwanza.

Kisukari kinachoanza wakati wa mimba mara nyingi hakina dalili. Hupimwa kati ya wiki 24 na 28: mama hunywa maji yenye gramu 75 za glukosi, damu ikipimwa kabla na baada. Kabla ya kula, 5.1 tayari ni kisukari cha mimba. Mhamasishaji wa afya ya jamii ana mashine ya kupima kidoleni, na inasaidia, ila haichukui nafasi ya kipimo hicho.

Hakuna anayekukataza mukimo. Punguza viazi na mahindi, ongeza terere na maharagwe, acha soda na chai ya vijiko vitatu vya sukari, tembea baada ya kula. Wengi hutoshwa na hayo. Wengine huandikiwa sindano, na hapo ndipo tunapoteza akina mama: wanaiacha wakiogopa itamdhuru mtoto. Kinachomdhuru ni sukari, ambayo hupita kwenye kondo. Insulini unayodungwa haimfikii.

Kisukari cha mimba kwa kawaida huisha baada ya kuzaa, lakini kinaweza kurudi miaka ya baadaye na kubaki. Unapompeleka mtoto chanjo ya wiki 6, omba nawe upimwe.