Khabari za Mbinguni na Mashahidi Wake

Ndugu zetu wasomaji, kijana mmoja ametuuliza darasani: yawaje mtu akae ardhini, akajua yaliyotukia mbinguni baina ya vitu visivyoonekana? Swali hili ni jema, na jawabu yake ina mafunzo kwa mabaraza yetu ya Mji wa Kale.

Ziko nyota kubwa ambazo moto wake ukisha huporomoka ndani ya nafsi zake, zikawa nzito hata mwangaza usiweze kutoka. Wataalamu huziita mashimo meusi. Na khabari zake zilipita karibu na milango yetu: tarehe 12 Disemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, chombo kilirushwa kutoka jukwaa la Wataliani lililo baharini, kaskazini ya Malindi, kikapewa jina la Uhuru. Kwa miale kilichoipokea, wataalamu walielekea kukijua kitu kiitwacho Cygnus X-1 kuwa ni shimo jeusi.

Ama Einstein, mwaka 1916 alisema kwamba vitu vizito vikizungukana huitikisa anga yenyewe, mfano wa mashua ipitapo Bandari ya Kale, mawimbi yake yakaja kupiga ngazi. Mwaka 1969 Joseph Weber wa Marekani alitangaza kuwa ameyapata mawimbi hayo. Wenziwe wakaunda vyombo, wakasikiliza, wasipate kitu. Neno lake halikukubaliwa.

Kisha tarehe 14 Septemba 2015, vyombo viwili vya LIGO, kimoja Louisiana na cha pili katika jimbo la Washington, baina yake kilomita 3,000, vilitikisika kwa namna moja, vikipishana kwa muda usiofika sehemu moja ya mia ya sekunde. Mtikiso wenyewe ulikuwa mdogo kuliko kiini cha atomu. Yalikuwa mashimo meusi mawili, moja uzito wa majua kama 36 na la pili 29, yaliyoungana zamani, zaidi ya miaka bilioni moja. Na juu ya kuwa na mashahidi wawili, wataalamu hawakutangaza mpaka 11 Februari 2016. Karibu miezi mitano walikuwa wakijipeleleza wenyewe.

Je, sisi? Neno likizuka Kibokoni asubuhi, alasiri limekwisha vuka Likoni, na heshima ya mtu imevunjika. Mwezi wa Ramadhani twautakia mashahidi. Mbona heshima ya ndugu yetu hatuitakii? Basi ajaye barazani na khabari, tumuulize kwanza: nani mwingine ameona?