Kaa, Nieleze

Januari 1945, maelfu ya Wapare walishuka milimani wakajaa kwenye boma la Same. Kodi walikuwa tayari kulipa. Walichokataa ni mbiru, kodi mpya iliyotaka mali ya kila mtu ikadiriwe. Serikali ya Waingereza ikajibu kwa maelezo na maonyo, watu hawakuondoka. Mwaka uliofuata wanawake wa Usangi wakamkabili mkuu wa wilaya: amalize shauri hilo waume zao warudi nyumbani, la sivyo awe yeye mume wao wote. Hatimaye mbiru ikafutwa.

Tabia ya kumjibu mtu kabla ya kumsikia haijafutwa. Wazazi wanayo, walimu wanayo, na mwenyekiti wa kitongoji mwenye foleni barazani anayo zaidi.

Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani aliyefariki mwaka 1987, naye alikuwa nayo. Ujanani alihudumia watoto wenye matatizo mjini Rochester kwa miaka 12. Mama mmoja alikuja kwa ajili ya mwanawe mtukutu, na Rogers, kwa upole wote, akajaribu kumwonyesha kwamba chanzo ni yeye kumkataa mtoto tangu udogoni. Vikao vikapita, hakuna kilichosogea. Wakakubaliana waache. Mama akafika mlangoni, akageuka: je, hapa mnapokea na watu wazima? Akarudi kitini, akamwaga yaliyomjaa kuhusu ndoa yake. Tiba ikaanzia hapo, na baadaye hata mtoto akatengemaa.

Kwa visa kama hicho Rogers akajenga mkabala wa kiutu. Mwenye shida ndiye ajuaye inapouma. Msikilizaji awe mkweli, asijifanye. Amheshimu mtu bila masharti. Ajitahidi kuyaona mambo kwa macho ya mwenzake. Badala ya mgonjwa, Rogers akasema mteja.

Neno hilo limefika Same. Anayekwenda kupima VVU huitwa mteja, na mazungumzo ya kabla na baada ya kipimo ni ushauri nasaha. Hapa Tanzania kazi hiyo ilipata watu mapema: shirika la WAMATA, lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1989 na Theresa Kaijage, lilikaa na wagonjwa wa UKIMWI na familia zao miaka mingi kabla dawa za kufubaza hazijawafikia wengi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Msichana wa kidato cha tatu huko Mamba, kwenye mashamba ya tangawizi, ameanza kusinzia darasani. Mwalimu anamwita.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba. Mbona siku hizi unalala? Una mvulana?”

Yamekwisha. Binti atatazama sakafu mpaka kengele ilie.

Mwalimu mwingine anafunga daftari, anasogeza kiti upande wa pili wa meza. “Marahaba, mwanangu. Kaa. Nimeona umechoka wiki hii.” Kisha ananyamaza. Kimya hicho ni kizito, na ndipo wengi wetu hushindwa, tukakimbilia “pole, mwachie Mungu.” Binti anasema bibi yake hawezi kuinuka kitandani, usiku yeye ndiye anayemgeuza.

“Kwa hiyo usiku hulali, na mchana unaogopa kuonekana mvivu.”

“Ndiyo, mwalimu.” Sasa analia.

Usingizi wa binti huyu unakumbusha alichoandika Abraham Maslow, mwanasaikolojia mwenzake Rogers, mwaka 1943: kwamba mahitaji ya tumbo na usalama hutangulia heshima na kutimiza vipaji. Wapare wanaofukua ndiva, mabwawa yao ya maji, kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, wangembishia kidogo: heshima yao huipata humo humo, katika kazi ya kutafuta maji ya shamba.

Kusikiliza kuna mpaka wake. Bibi yule anahitaji mhudumu wa afya, na familia inahitaji kufika kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Kwa mtoto anayepigwa au kudhalilishwa, ipigwe simu namba 116, bila malipo. Anayesema hataki tena kuishi asiachwe peke yake. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na aliyempeleka akae naye kwenye benchi mpaka aitwe.