SOMO: KUKATA MIKANDA YA PLASTIKI KWA MFANO WA NYUMBA



Turubai la msaada lina mita 4 kwa 5. Likikatwa vibaya haliungiki tena, na mvua haisubiri. Kwa hiyo jenga kwanza mfano mdogo wa nyumba, ujaribu paa, ndipo ulikate turubai lenyewe.

Kipimo

Tumia 1 kwa 20: kila mita 1 ni sentimita 5. Turubai zima litakuwa karatasi ya sentimita 20 kwa 25. Mti wenye unene wa sentimita 10 utakuwa mkanda wa milimita 5. Ukikosea milimita 1 kwenye mfano, umekosea sentimita 2 kwenye nyumba. Ndiyo maana mikanda yote lazima ilingane.

Vifaa

1. Plastiki: jerikani au ndoo iliyopasuka. Usitumie chombo kilichowekwa dawa ya wadudu, wala usikate jerikani linalofaa kuchotea maji.
2. Kisu kikali, au wembe uliofungwa kwa waya kwenye kijiti. Wembe mtupu hupinda na kukata vidole.
3. Kwa plastiki ngumu, kama mabaki ya vibao vya matangazo: kipande cha msumeno wa chuma kilichonolewa kwenye jiwe mpaka kiwe na ncha kama ndoana. Msumeno kuukuu uliza kwa mafundi wa chuma wa Katwe, chini ya kilima cha Mengo.
4. Rula ya chuma. Ya mbao huliwa na kisu.

Namna ya kukata

1. Pigilia ubao mnyoofu juu ya meza. Egemeza hapo ukingo wa plastiki ulionyooka.
2. Chonga vijiti viwili vyenye upana wa milimita 5. Viweke juu ya plastiki, kimoja kila mwisho, viguse ubao.
3. Sogeza rula mpaka iguse vijiti vyote viwili. Ishikilie, ondoa vijiti, kata ukifuata ukingo ule ule.
4. Pitisha kisu mara nyingi kwa wepesi. Ukikandamiza, rula husogea na mkanda hupinda.
5. Plastiki ya jerikani haivunjiki. Ikate mpaka chini. Plastiki ngumu ikwarue mpaka nusu ya unene, kisha ivunje kwenye ukingo wa meza.

Tahadhari

Kidole kisitokeze nje ya rula. Usikate kwa kisu cha moto ndani ya nyumba. Moshi wake ni mbaya. Nyembe zilizokwisha zitie kwenye kopo lenye kifuniko, kwani watoto hutembea peku.

Zoezi

Barabara ya Kabaka Anjagala, kutoka Bulange hadi Lubiri, ina kama mita 1,600. Kwa kipimo cha 1 kwa 20, mkanda wake ungekuwa na urefu gani? Je, kwa 1 kwa 2,000?

(Majibu: mita 80, sentimita 80.)