SOMO: MBAAZI ZA GHALANI NA MBAAZI ZA CHUNGUNI
Jinsi kaya ya mwanachama inavyoweza kuanza mlo wa mimea

Msimu wa mbaazi unapofika katika mikoa ya Lindi na Mtwara, Katibu wa Chama cha Msingi huwa na shughuli nyingi: mizani, magunia, stakabadhi na tarehe ya mnada. Lipo swali moja ambalo daftari lake halina safu ya kuliandikia, nalo ni hili: mwanachama aliyeleta magunia saba amebakiza kiasi gani nyumbani? Mara nyingi hakubakiza kitu ila mbegu. Kaya iliyovuna chakula cha kujenga mwili kwa magunia hula ugali wa muhogo kwa mlenda, na ifikapo Januari hununua maharage dukani kwa kibaba. Somo hili limeandikwa kwa ajili ya kaya hiyo, na kwa ajili ya Katibu anayeipokelea mazao.

Mlo wa mimea ni ule ambao sehemu yake kubwa hutoka shambani na bustanini: nafaka na mizizi, mikunde, karanga na ufuta, mboga za majani na matunda. Mlo huu haumkatazi mtu samaki wala yai. Wapo watu wanaoacha kabisa vyakula vyote vitokanavyo na wanyama, kwa sababu za dini, za afya au za msimamo wao, na mambo yanayowahusu hao yataelezwa mbele. Lakini kaya nyingi za wakulima tayari hula mimea siku nyingi za juma kwa kuwa nyama ni ghali. Kwa kaya hizo, kuanza mlo wa mimea maana yake ni kuupanga vema mlo uliopo. Ugali na majani peke yake ni mlo wa mimea pia, lakini haumkuzi mtoto.

Kwa mujibu wa utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022, takriban asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya umri wa miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mikoa iliyoongoza kwa udumavu ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, ambayo husifika nchini kwa wingi wa mahindi. Kwa hiyo wingi wa chakula mkoani hautoshi kuwa ushahidi wa ubora wa mlo nyumbani. Jambo hili si geni. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa mwaka 1973, na mwaka 1975 wananchi vijijini walikusanyika kwa vikundi kusikiliza redio katika kampeni ya Chakula ni Uhai. Wazee waliokuwamo katika vikundi vile wangali wanakumbuka mafundisho ya vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Wataalamu wa leo huugawa mlo katika makundi mengi zaidi, lakini kwa anayeanza, mgawanyo ule wa zamani ungali unafaa.

HESABU YA PROTINI

Mtu mzima mwenye uzito wa kilo 60 huhitaji protini kiasi cha gramu 50 kwa siku. Na tuchukue watu wawili wa uzito huo. Wa kwanza anakula gramu 300 za unga wa dona kwa siku, na wa pili anakula gramu 300 za unga wa muhogo. Unga wa dona utampa wa kwanza protini kiasi cha gramu 25. Unga wa muhogo utampa wa pili gramu 5 tu, au pungufu. Wote wawili wakila gramu 75 za mbaazi, zikipimwa kavu, kila mmoja atapata gramu 16 zaidi. Na gramu 30 za karanga zitaongeza 8. Wa kwanza amefika gramu 49. Wa pili ana gramu 29.

Watu wengi hudhani kwamba ugali ni ugali, na kwamba tofauti ya dona na muhogo ni ya ladha tu. Hesabu hii yaonyesha kwamba anayeishi kwa muhogo anahitaji mikunde karibu maradufu ya anayeishi kwa mahindi. Akiongeza gramu 75 nyingine za mbaazi na gramu 30 za ufuta atafika 50. Mikoa ya kusini inalima vyote hivyo, ila vingi vinapanda lori.

Kuna sababu nyingine ya kuchanganya. Protini hujengwa kwa vipande vidogo vya namna mbalimbali. Mahindi yana upungufu wa kipande kiitwacho lisini, ambacho mikunde inacho kwa wingi. Mikunde nayo ina upungufu wa methionini, ambayo imo katika nafaka na hasa katika ufuta. Mpishi wa kande hakuhitaji kujua majina haya, wala yule wa Pwani apikaye mbaazi kwa nazi zikaliwa kwa mandazi ya ngano asubuhi. Si lazima vyakula hivyo viwe katika chungu kimoja. Yatosha viliwe siku moja.

Kwa wala muhogo mchungu jambo hili ni zito zaidi. Muhogo huo una sumu ambayo huondolewa kwa kumenya, kuloweka majini siku tatu au zaidi, kisha kukausha vizuri. Sumu kidogo inayosalia huondolewa na mwili wenyewe kwa kutumia vipande vya protini vyenye salfa, mojawapo ikiwa methionini. Maradhi ya konzo, yanayopooza miguu ghafla na kumwacha mtu na ulemavu wa maisha, yamewahi kutokea mkoani Mtwara na huko Tarime mkoani Mara, miongoni mwa watu waliokula muhogo mchungu usioandaliwa ipasavyo huku kitoweo cha protini kikiwa haba.

KIASI CHA KUBAKIZA

Kaya ya wazazi wawili na watoto wanne ikiamua kula mikunde, na ikampa kila mzazi gramu 75 na kila mtoto wastani wa gramu 50, itahitaji gramu 350 kwa siku. Kwa mwaka mzima ni kilo 128. Kaya inayoanza isijitwishe mzigo huo mara moja. Ianze na siku nne katika juma, na hapo hesabu ni kilo 73, yaani gunia lisilojaa. Si lazima ziwe mbaazi tupu: kunde, choroko, njugu mawe na maharage zote zinafaa, na watoto hawachoki haraka chakula kinapobadilishwa.

Mwanachama atauliza kuhusu fedha ya hizo kilo 73. Swali ni la haki. Lakini fedha anayopokea ni ile ya bei ya mnada baada ya makato, na fedha atakayolipa dukani miezi ya njaa ni ya bei ya rejareja, ambayo kwa kawaida ni kubwa zaidi. Aidha bei ya mbaazi haimo mikononi mwa mkulima. Mwezi Agosti 2017 India, ambayo ndiyo mnunuzi mkuu, iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi zinazoingizwa nchini humo. Bei ikaporomoka katika nchi zote za Afrika Mashariki zilizolima kwa ajili ya soko hilo, Tanzania ikiwamo, na hali ikaendelea hivyo misimu kadhaa hadi India ilipolegeza masharti mwaka 2021. Waliokuwa na desturi ya kula mbaazi walikula. Wengine walikaa na magunia wasiyojua kuyapika, wakayatazama yakitobolewa na wadudu.

Hapa ndipo Katibu anapohusika. Anapoandaa makisio ya makusanyo ya msimu, aondoe kwanza chakula cha kaya. Chama chenye kaya 200, kila moja ikibakiza kilo 73, kitapungukiwa kilo 14,600, yaani zaidi ya tani 14. Katibu asiyeziondoa atatangaza mzigo ambao hautafika ghalani. Watakuwapo wajumbe wa Bodi watakaosema kwamba chama kitapoteza ushuru wake wa kilo hizo. Ni kweli kitapoteza, na jambo hilo lisifichwe katika mkutano. Lakini chama ni mali ya wanachama, na ushuru unaotokana na chakula cha watoto wao si mapato ya kujivunia.

JIKONI

Lawama kubwa dhidi ya mikunde ni kuni. Mbaazi kavu huchukua muda mrefu kuiva, na mama aliyetoka shambani saa kumi hawezi kuanza kuzichemsha. Dawa yake ni kuziloweka tangu usiku, kumwaga maji yale na kuzichemsha kwa maji mapya. Mbaazi zilizokobolewa na kupasuliwa huiva upesi zaidi, na choroko huiva upesi kuliko mbaazi. Nyanya, ndimu na ukwaju vitiwe punje zikishalainika, kwa maana ukali wake huchelewesha kuiva. Magadi hulainisha kweli, lakini huharibu vitamini B1; asiye na budi atie kidogo sana. Mikunde ya miaka miwili ghalani huwa migumu hata ikilowekwa, basi iliwe ya msimu. Wahenga walisema mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Zipo kaya husingizia kuni ilhali hazijawahi kuloweka hata mara moja.

Maharage mekundu yana jambo lake. Yasipoiva sawasawa hutapisha na kuharisha. Baada ya kulowekwa yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi, ndipo moto upunguzwe hadi yaive kabisa. Tumbo kujaa gesi ni kawaida kwa asiyezoea. Aanze kwa kiasi kidogo na kuongeza juma kwa juma.

Akiba ya mikunde ihifadhiwe ikiwa kavu kabisa. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa huua wadudu bila dawa, na inafaa zaidi kwa chakula cha nyumbani. Mbegu zilizotiwa dawa kwa ajili ya kupandwa zisipikwe kabisa, hata zioshwe mara ngapi. Karanga na mahindi yenye ukungu yana sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga zilizokunjamana au kubadilika rangi zichambuliwe na kutupwa, wala asipewe kuku.

Mboga za majani, yaani mchicha, matembele, majani ya kunde, majani ya maboga na kisamvu kilichotwangwa na kuchemshwa vya kutosha, zina madini ya chuma. Lakini chuma cha mimea mwili hukipokea kwa shida. Ndimu, chungwa, embe au pera likiliwa pamoja na mlo husaidia sana. Chai ya majani huzuia, hivyo inywewe saa moja au mbili baada ya chakula. Desturi ya kumpa mjamzito chai ya rangi pamoja na ubwabwa wa maharage ingefaa iachwe. Rangi ya chungwa katika maboga, viazi lishe na maembe ni dalili ya vitamini A, nayo huhitaji mafuta kidogo ili ipokewe mwilini. Tui la nazi, karanga au ufuta uliosagwa hutosha.

WASIOKULA KABISA VYAKULA VYA WANYAMA

Vitamini B12 haipatikani katika mimea kwa kiasi cha kutegemewa. Upungufu wake huja polepole, pengine baada ya miaka, nao huleta upungufu wa damu na kuharibu mishipa ya fahamu. Aliyeacha nyama, samaki, maziwa na mayai yote hana budi kutumia vidonge vya vitamini hiyo, au chakula kilichoongezewa virutubishi ambacho kibandiko chake kinaitaja. Unga wa mashine ya kijijini hauna nyongeza hiyo.

Mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto mchanga wasianzishiwe mlo wa namna hiyo bila ushauri wa kituo cha afya. Mtoto anyonye maziwa ya mama pekee hadi atimize miezi sita, kisha aanzishiwe chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Uji wake utiwe mbaazi au choroko zilizokobolewa, zikaiva na kupondwa, pamoja na karanga au ufuta uliosagwa laini. Pale penye yai au dagaa, mtoto huyo apewe kwanza, kabla ya mgeni na kabla ya baba mwenye nyumba. Jambo hili litawaudhi baadhi ya wazee, lakini tumbo la mtoto ni dogo na hawezi kula mbaazi za kutosha kwa mara moja kama mtu mzima.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO WA WANACHAMA

Kaya ya mwanachama ina watu wangapi, na kwa siku nne za juma inahitaji kilo ngapi za mikunde hadi mavuno yajayo? Msimu uliopita ilibakiza kilo ngapi, na ilinunua dukani kilo ngapi kwa bei gani? Katika eneo la chama, nani anayo mashine ya kukoboa mbaazi, na kama hayupo, je, chama kinaweza kuinunua? Katibu aandike majibu ya swali la kwanza katika daftari la makisio kabla mizani haijatolewa nje.