Picha za Zohali na Mwezi Wake wa Barafu

1. Sayari yenye pete

Miongoni mwa sayari zizungukazo jua imo moja iitwayo Zohali. Mtu aitazamapo usiku kwa macho matupu huiona kama nyota ya manjano hafifu, isiyometameta sana. Watu wa kale waliijua, nao waliufuata mwendo wake wa polepole katikati ya nyota, kwa maana huchukua zaidi ya miaka 29 kulizunguka jua mara moja. Lakini ajabu yake kubwa hawakuiona.

Mwaka 1610 Galileo wa Italia aliielekezea Zohali darubini yake. Akaona kama nyota ndogo imeshikamana nayo kila upande, akadhani kwamba ni nyota tatu pamoja. Mwaka 1612 alipotazama tena, zile ndogo mbili zimetoweka, naye asijue sababu. Hata mwaka 1659 Mholanzi Christiaan Huygens akaeleza ya kuwa Zohali imezungukwa na pete nyembamba, isiyoigusa po pote. Pete hiyo inapotuelekezea ukingo wake haionekani, kama karatasi itazamwapo kwa makali yake.

Baada yake, Giovanni Domenico Cassini aligundua miezi minne ya Zohali, na mwaka 1675 akaona nafasi nyeusi inayoigawa ile pete. Mwaka 1789 William Herschel, huko Uingereza, aligundua mwezi mwingine mdogo, ambao baadaye uliitwa Enceladus. Katika darubini yake ulikuwa nukta ya mwanga tu, na kwa muda wa karibu miaka 200 watu hawakuweza kuona zaidi ya nukta hiyo.

2. Safari ya Cassini

Mwaka 1979, na 1980, na 1981, vyombo vitatu vya Marekani vilipita karibu na Zohali. Vilipita tu, kama msafiri achunguliaye mlangoni akaenda zake. Hata hivyo picha zao zilileta fumbo. Mwezi uliokaa miaka mingi sana bila kubadilika hupigwa na mawe ya angani, ukajaa mashimo. Lakini Enceladus ulionekana mweupe kupita kiasi, na baadhi ya sehemu zake ni laini. Basi kuna kitu kinachoufanya upya uso wake. Ni kitu gani?

Ili kuchunguza mambo kama hayo, mashirika ya anga ya Marekani, ya Ulaya na ya Italia yaliunda pamoja chombo kikubwa, wakakiita Cassini kwa heshima ya yule mgunduzi. Kimo chake kilikuwa karibu mita 7, na uzito wake pamoja na mafuta ulizidi kilo 5,500. Kilirushwa kutoka Florida tarehe 15 Oktoba 1997. Kwa kuwa kilikuwa kizito, roketi haikuweza kukifikisha kwa nguvu zake peke yake. Kwa hiyo kilipita karibu na sayari Zuhura mara mbili, na Dunia mara moja, na Mshtarii mara moja, na kila mara kikaongezewa mwendo kwa mvuto wa sayari hizo. Tarehe 1 Julai 2004 kilifika, kikapunguza mwendo, kikaanza kuizunguka Zohali. Hakikuwa mpita njia tena. Kilikaa huko miaka 13.

3. Namna picha zilivyopigwa

Cassini kilikuwa na kamera mbili: moja ya kutazama vitu vya mbali kama darubini, na ya pili ya kutazama eneo pana. Hazikutumia filamu. Ndani ya kila kamera mlikuwa na kipande kidogo kilichogawanyika vyumba 1,024 kwa 1,024, yaani zaidi ya vyumba milioni moja. Kila chumba kilipima kiasi cha mwanga uliokiangukia, na kipimo hicho kikaandikwa kwa tarakimu. Kamera zenyewe hazikutambua rangi. Picha ya rangi ilipotakiwa, kioo chekundu kiliwekwa mbele, kisha cha kijani, kisha cha buluu, zikapigwa picha tatu. Baadaye zikaunganishwa kuwa moja.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Mwanga wa jua huko Zohali ni kama sehemu moja katika 90 ya ule uangazao Dunia. Tena kamera zilikuwa zimefungwa imara, hata ilipasa chombo chote kigeuzwe ili zielekee mahali palipotakiwa. Kwa hiyo picha ziliwekwa akiba kwanza, kisha chombo kikaielekeza Dunia sahani yake yenye upana wa mita 4, kikazituma kwa redio. Ingawa mawimbi ya redio huenda kwa mwendo wa nuru, yalichukua zaidi ya saa moja kufika. Yalipokewa na sahani kubwa zilizojengwa California, Hispania na Australia.

4. Nuru itokayo nyuma

Mapema mwaka 2005 chombo cha kupimia nguvu za sumaku, kilichokuwa ndani ya Cassini, kilitambua dalili ya hewa nyembamba karibu na Enceladus. Mwezi Julai Cassini kilisogea mpaka kilometa 170 hivi juu yake. Picha zilionyesha nyufa nne kubwa upande wa kusini, kila moja yenye urefu wa kilometa 130 hivi, na vipimo vikaonyesha kuwa mahali hapo pana joto kuliko pande nyingine. Lakini ili kuona vema kitu kitokacho katika nyufa hizo, ilipasa kubadili mahali pa kutazamia.

Sababu yake hujulikana hata nyumbani. Mtu afagiapo chumba, hulioni vumbi likielea hewani. Lakini mshale wa jua upenyapo dirishani, naye mtu akatazama kuelekea kule utokako, kila chembe hung'aa. Ndivyo ilivyofanywa. Mnamo Novemba 2005 Cassini kilifika mahali ambapo Enceladus ulikuwa karibu katikati ya kamera na jua. Mwezi wenyewe ukaonekana mwembamba kama mwezi mwandamo. Na penye ukingo wake wa kusini ikaonekana michirizi myeupe ikifoka mamia ya kilometa angani. Nyufa zile zilikuwa zikitoa mvuke wa maji na chembe za barafu.

Hivyo fumbo likaanza kufumbuka. Enceladus una upana wa kilometa 500 tu, na uso wake una baridi ya karibu digrii 200 chini ya sifuri. Lakini unapoizunguka Zohali huikaribia kidogo na kujitenga kidogo, na mvuto wa sayari huukanda kama mikono ikandavyo unga. Kukandwa huko huleta joto ndani yake. Chembe nyingi za barafu huuangukia tena kama theluji, ndiyo sababu ya weupe wake; nyingine huenda zake, zikafanya mojawapo ya pete za Zohali.

Cassini kilipita mara kadhaa katikati ya michirizi ile, kikapata humo chumvi. Mwaka 2015 wataalamu, wakilinganisha picha za miaka mingi, walipima jinsi mwezi huo unavyotikisika kidogo katika mzunguko wake. Mtikisiko ulikuwa mkubwa kuliko ambavyo ungekuwa kama barafu imeshikamana na mwamba wa ndani. Wakajua ya kuwa ganda la barafu laelea juu ya bahari iliyouzunguka mwezi wote. Mwaka 2017 ikatangazwa kwamba imeonekana pia hewa ya hidrojeni, ambayo vijidudu fulani vya Duniani huitumia kama chakula.

5. Mwisho wa chombo

Wakati huo mafuta ya Cassini yalikuwa karibu kwisha. Chombo kisicho na mafuta hakiongozeki. Huenda siku moja kingeuangukia Enceladus. Nacho kiliundwa Duniani, na pengine vijidudu visivyoonekana kwa macho vilikuwa bado vimo ndani yake. Hakuna kiumbe aliyeonekana katika bahari ile. Lakini kama uhai umo, vijidudu vya kigeni vingeweza kuudhuru. Na mtu atakayekwenda kutafuta asingejua kama alichokipata ni mwenyeji au ni mgeni aliyeletwa. Basi ikakatwa shauri kwamba Cassini kiteketezwe. Uvumbuzi wake chenyewe ndio uliokihukumu.

Tangu Aprili 2017 kilipita mara 22 katika nafasi iliyo kati ya Zohali na pete zake, mahali ambapo hakuna chombo kilichopata kupita kabla yake. Tarehe 14 Septemba kilipiga picha zake za mwisho. Kesho yake kikaingia katika hewa ya Zohali, sahani yake ikielekea Dunia, kikituma habari mpaka kikashindwa kusimama sawa. Kikavunjika na kuungua kama kimondo. Watu waliposikia sauti yake ya mwisho, chombo chenyewe kilikuwa kimekwisha toweka zaidi ya saa moja. Kiliacha picha zaidi ya 450,000, na bahari moja isiyoguswa.

Maswali

1. Kwa nini Galileo hakuziona zile "nyota ndogo" mwaka 1612?
2. Uso laini wa Enceladus uliwafundisha wataalamu jambo gani?
3. Eleza jinsi picha ya rangi ilivyopatikana kwa kamera isiyotambua rangi.
4. Kwa nini michirizi ilionekana vema nuru ilipotoka nyuma? Jaribu mwenyewe kwa vumbi na mshale wa jua, kisha ueleze uliyoyaona.
5. Je, ilikuwa haki kukiteketeza Cassini? Toa sababu zako.